Shingo ya Maman Eugénie

Mwanamke mwenye beseni la nyanya kichwani hageuki kutazama nyuma. Akigeuka, nyanya zote mtaroni. Kwa hiyo Maman Eugénie, aliyezaliwa Bukavu, Kongo, na kurudi Rusizi, upande wa Rwanda, na wazazi wake angali msichana, alijifunza kuiona barabara kwa masikio. Kila asubuhi aliteremka kutoka sokoni Kamembe kwenda mpakani, na kwa mngurumo tu alijua lori ni lipi, pikipiki ni ipi, akasogea kando bila nyanya moja kutikisika.

Kisha jirani yake Munyemana, dereva wa pikipiki ya abiria, akaacha ile ya petroli akachukua ya umeme.

«Maman, angalia chombo! Haina moshi, haina kelele.»

Eugénie aliizunguka. «Iko nanyamaza sawa bwana mwenye alikunywa mushahara. Siye benye kubeba tutakusikia namna gani?»

«Nitapiga honi, Maman.»

«Upige kweli. Shingo yangu haina kioo ya kuangalia nyuma.»

Wakacheka. Na kweli alikuwa akipiga, honi mbili fupi toka mbali.

Siku moja palikuwa na msiba kwenye kona ya mteremko. Viti vya waombolezaji vilijaa hadi ukingoni, Eugénie akalazimika kushuka barabarani. Munyemana naye akaja nyuma yake, akaona turubai na watu walioinama. Mtu mwenye adabu hapigi honi penye kilio. Akanyamaza, akidhani atapenya.

Pikipiki ikamgonga Eugénie kwa nyuma, beseni likamwangukia shingoni. Hospitalini walisema atatembea, ila kichwani asibebe kitu tena, maisha yake yote.

Munyemana alikuja, akasimama miguuni pa kitanda. «Maman, niliogopa kukosea wafu heshima.»

«Najua,» akasema. «Ungepiga, hata miye ningekutukana.»

Chama cha madereva kiliitisha mkutano, polisi nao wakaja. Ikasomwa kanuni: pikipiki ya umeme ipige honi kila inapompita mwenye mzigo. Wakamuuliza Eugénie kama ameridhika. Aliwageukia kwa mwili mzima, kola ya shingo ikimkaba.

«Mwongeze: hata kwenye kilio. Mwenye amekufa, honi haimusumbue. Miye nilikuwa ningali naihitaji.»

Wakaongeza.

Sasa beseni analibeba binti yake, Jolie, aliyeacha shule katikati ya mwaka. Asubuhi mama humkunjia ngata, humwekea kichwani, halafu hukaa mlangoni kusikiliza mteremko. Honi zikilia kule konani, huendelea kuchambua maharage. Pakiwa kimya mno huweka ungo chini, akatoka mpaka barabarani, akasimama na kifua chote kimeelekea huko alikokwenda mtoto.