Rangi Iliyokauka Kwenye Kioo cha Maria

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Dongobesh, mkuu wa maabara hakunionyesha darubini kwanza. Alinipa chupa ya rangi ya manjano tuliyokuwa tukiipaka kwenye makohozi ya wanaoshukiwa kifua kikuu.

"Ikiwa kwenye kimiminika," akasema, "chembe zake hujipinda-pinda, na nguvu ya mwanga huishia humo. Zikinaswa kwenye ganda la kijidudu haziwezi kujipinda, ndipo zinawaka. Lakini kimiminika kikikauka hunasana zenyewe kwa zenyewe, nazo huwaka vilevile. Usiiache ikauke, binti."

Nililishika somo hilo miaka mingi. Kisha nikahamishiwa kituo kimoja cha Hanang, nisichokitaja, nikawa peke yangu. Asubuhi moja nilikuwa nimemwaga rangi kwenye kioo cha Maria, kile kipande chembamba kilichopakwa makohozi yake. Alikuwa mama anyonyeshaye kutoka Nangwa, aliyekuwa amekohoa majuma matatu. Nikaitwa haraka kupima damu ya mzazi aliyekuwa akivuja sana. Niliporudi, rangi ilikuwa imekauka. Ilinipasa kuomba makohozi mengine, lakini foleni ilikuwa imefika nje. Nilikiosha kioo, nikatazama, nikaona vijiti vya manjano vinawaka, umbo lilelile la vijidudu vya kifua kikuu. Nikajiambia ni vingi mno kuwa uongo. Nikaandika: chanya.

Akaanzishiwa dawa. Mwezi wa pili wa dawa alirudi macho yamekuwa ya manjano, ini limeshindwa kwa ukali wa dawa hizo. Akafa. Nilikitoa kioo chake kwenye sanduku, nikakitazama upya bila haraka. Vijiti vilikuwa na ncha kali, vingine viko nje kabisa ya makohozi. Ilikuwa rangi tupu.

Nilimweleza mganga mfawidhi. Alivua miwani. "Amekwisha kuzikwa, mama. Ukilifukua hilo, utamponya nani?"

Hata hivyo nilikwenda Nangwa. Nilimwamkia mama mkwe wake, nikamweleza yote. Aliendelea kupukuchua mahindi.

"Kwa hiyo hakuwa na kifua kikuu?"

"Kwenye kioo kile hakikuwepo, bibi."

"Mtoto tulimwachisha ziwa. Maria alikuwa anamtazama dirishani tu. Alisema akimkaribia atamwua."

Sasa nimestaafu. Vijana wa maabara huja kuniuliza kazi ilivyokuwa, nami sifichi kwamba kosa lile ni langu. Hakuna kinachopungua kwa kulisema. Mtoto wa Maria amekuwa msichana mkubwa, ana meza ya vitunguu sokoni Katesh. Kila nikipita hunipa shikamoo, nami marahaba hainitoki.