Nilimwita Rafiki Yangu Mpelelezi kwa Sababu ya Dakika Moja

Nimemkosea mtu, na sikusukumwa na yeyote. Ni roho yangu hii ya kushuku.

Mimi na Halima, rafiki yangu tangu shule, tuliwauzia majirani wa Jericho intaneti. Tulikuwa na kompyuta moja kuukuu na programu aliyoiandika yeye mwenyewe. Pembeni alitengeneza simu kwenye kibanda chake sokoni. Watu walimwachia simu zikiwa wazi, bila nywila, na siri zao zote ndani.

Programu ilikuwa na tabia moja. Ukiizima na kuiwasha papo hapo, iligoma, ikidai mlango wake wa mtandao, yaani namba inayopitishia mawasiliano yake, bado unatumika. Unatumika na nani, na sisi tumeizima?

"Ngoja dakika moja hivi, itaachilia," Halima alizoea kusema.

"Si kuna setting ya kuondoa hiyo kungoja? Kila mtu anaitumia."

"Iko. Lakini standard, kanuni za mtandao, inasema mashine ingoje kwanza, ujumbe uliochelewa usije ukaingilia mazungumzo mapya. Mimi siiweki."

"Wateja wanalia, na wewe unanisomea sheria?"

"Dakika moja haiui mtu, wewe nawe."

Nikaanza kumchunguza. Mbona ang'ang'anie dakika moja? Akigeuza skrini kidogo, anaficha kitu. Akipokea simu nje, ni njama.

Siku moja alipokuwa kwao Majengo, niliizima programu na kufungua orodha ya mawasiliano ya mtandao kwenye kompyuta. Mistari kadhaa ilikuwa bado imeushikilia mlango ule, na mahali pa jina la programu palikuwa patupu. Nikajua nimemnasa. Nikapiga picha, nikampelekea Mama Kevo, muuza mboga.

"Mathe, Halima anasoma meseji za watu. Cheki, ameweka programu haina hata jina."

Mama Kevo hakuelewa chochote kwenye picha ile. Alielewa kusoma meseji. Kufikia saa kumi jioni, watu walijaa kibandani wakidai simu zao, nyingine zikiwa bado zimefunguliwa vipande. Halima, aliyekuwa amerudi, aliwapa moja moja. Kisha akanigeukia.

"Ni wewe?"

"Eleza hii mistari."

Aliitazama picha. "Hiyo ndiyo ile dakika moja nilikuambia." Akafunga kibanda.

Hata hapo sikumwamini. Nilileta kompyuta nyingine, na programu niliyoiandika mwenyewe. Nikaizima, nikaiwasha. Ikagoma. Mistari ilikuwa vilevile, bila jina, na baada ya kama dakika moja ikatoweka. Kumbe ni mashine yenyewe inayoushikilia mlango, kwa kufuata kanuni. Niliketi nikaona aibu.

Ile setting nimeiweka kwenye programu yangu, ninayowauzia majirani intaneti sasa, na inafanya kazi vizuri tu. Kwa hiyo katika ubishi wetu huenda nilikuwa sawa. Ndiyo maana inaniuma zaidi: ulikuwa ubishi wa kazi, nami nikaufanya upelelezi.

Nimepita nyumba kwa nyumba nikiwaeleza watu. Wananijibu kwamba lisemwalo lipo. Hakuna anayempelekea Halima simu tena, na mimi nikimpigia hapokei. Juzi Mama Kevo aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama programu yangu mpya nayo haisomi meseji. Nilimwapia. Nilimwona hajaniamini.

Wewe unayenisoma, ukimshuku mwenzako, muulize. Na akikujibu, msikilize. Halima alinijibu tangu siku ya kwanza.