Tangawizi ya Siku ya Tatu

Wajukuu zangu wakija kunitembelea huniletea soda ya tangawizi ya dukani, ya baridi, na kunibembeleza ninywe walau funda moja. Siinywi. Wao wanadhani naogopa sukari, na mimi nawaacha wadhani hivyo. Tangawizi yangu niliitengeneza mwenyewe, kwa harusi yangu mwenyewe, nikakaa nayo chumba kimoja nikiisikiliza.

Kijiji chetu kilikuwa bara ya Mchinga, mbali na barabara kubwa ya Lindi. Nilikuwa mwali, nimewekwa ndani, nasubiri kuolewa na kijana wa kijiji cha ng'ambo ya msitu. Msitu wenyewe haukuwa wa kupita mtu mmoja, maana ulikuwa na simba. Watu walivuka kwa kundi, mchana, wakipiga madebe. Baba wa huyo mchumba wangu alikuwa mwalimu wa chuo, ndiye aliyetusomesha Kurani sote wa pande zile, na ukali wake, wee! Ukimpa tangawizi, kabla kikombe hakijagusa mdomo lazima aulize, "Ya siku gani hii?" Kwake yeye mwisho ni siku ya tatu. Ikizidi hapo imeshaanza kuelekea kwenye kileo, na ya kumwagwa. Hakuna aliyebishana naye, hata baba yangu, ambaye alibishana na kila mtu.

Harusi ilipangwa Ijumaa. Bibi yangu, mama yake baba, akasema tangawizi tuitie chupani Jumatano, ili mkwe wangu asipate la kusema. Bibi alijifunza kazi hiyo ujanani, alipokuwa akipika kwenye nyumba ya tajiri mmoja Lindi mjini. Alikuwa na mbegu yake kwenye chupa ya mdomo mpana, tangawizi iliyopondwa na sukari na maji, na kila asubuhi aliilisha kidogo kabla hajala mwenyewe. Ikitoa povu anaisifu kama mtoto aliyemaliza uji.

Mwali haoni jua, kwa hiyo kinu kiliingizwa chumbani. Tangawizi ilitoka vilima vya Umatumbi, mbichi, bado ina udongo. Niliikwangua, nikaitwanga mpaka macho yakaniwasha. "Twanga, mke mwenzangu," bibi ananiambia, "huyo mume tutamgawana." Aliichemsha uani na karafuu, tukaichuja kwa kitambaa, tukatia sukari aliyoikusanya kidogo kidogo, maana sukari ilikuwa ya kuvizia, na maji ya ndimu. Ilipopoa ikabaki vuguvugu ndipo akaimiminia mbegu. Chupa tuliziziba kwa magunzi ya mahindi yaliyoviringishwa vitambaa, tukafunga kila gunzi kwa kamba, tukazipanga chini ya kitanda changu.

Wakati huo maneno ya kuhamia vijiji vya ujamaa yalikuwa yameshafika. Wakubwa walikuja, wakatuambia sote tutakwenda kukaa barabarani, tujengewe shule na bomba. Baba akasema hayo ni ya redioni. Wakati wa Uhuru alicheza ngoma mpaka nyayo zikavimba, na hakuamini kwamba serikali aliyoichezea ingekuja kumtoa kwenye mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake. "Lisemwalo lipo," bibi alimwambia, "kama halipo, laja." Baba akamwambia asimtie nuksi kwenye harusi ya mwanawe.

Ijumaa nilipakwa hina asubuhi. Nje wanawake walikuwa wanaimba, wali unapikwa. Saa ya sala ya Ijumaa ikapita, bwana harusi na watu wake hawajafika. Kisha nikasikia harufu ya moshi. Si moshi wa jiko, na kipupwe kilikuwa hakijaisha, hakuna mtu anayechoma shamba wakati huo. Nikamwita bibi. Akasimama mlangoni akinusa, halafu akasema, "Watu wa ng'ambo hao wanachoma takataka." Uongo mtupu, na tulijua sote wawili. Nyimbo za nje zikafifia, mwisho nikasikia sufuria tu zikifunikwa.

Jumamosi akapita mtu akasema kijiji cha ng'ambo chote kimepakiwa kwenye malori, nyumba zimetiwa moto ili watu wasirudi. Wamepelekwa wapi? Hajui. Na mimi nimekaa na hina yangu, na chini ya kitanda chupa zimeanza kusema. Sauti nyembamba, tsss, inakatika, inaanza tena. Bibi alikuwa akiinama, anatoa chupa, anaweka shingo yake sikioni, anairudisha bila neno. Nilimchukia kwa kule kunyamaza.

Jumapili gunzi moja likaruka likagonga ukuta. Bibi akasema basi, imwagwe.

"Haimwagwi," nikasema.

"Mjukuu wangu, hii sasa si halali."

"Ukiimwaga umesema haji. Sema basi! Sema haji!"

Sijawahi kumpandishia bibi sauti, kabla ya siku ile wala baada yake. Bibi alipiga magoti, akalegeza kamba ya kila chupa, pumzi ikatoka, akaifunga upya. Akaniambia subira huvuta heri, lakini hakunitazama usoni.

Malori yalikuja kwetu Jumatatu. Mgambo aliyeingia nyumbani alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo, bibi," akasema. Bibi akaitikia marahaba, kwa mazoea tu, na yule kijana akaung'oa mlango wetu. Mwali nikatolewa juani mbele ya kila mtu, mikono ina hina, kanga nimejifunika mpaka machoni. Baba alikuwa ameshika shina la mkorosho mmoja, wakamwondoa hapo taratibu, wakimwita mzee. Nikabeba chupa nilizoweza. Njiani joto na mtikisiko vikazipasua moja baada ya moja, na kila ikilipuka wanawake wanapiga kelele, "Mama yangu, bunduki!" Moja ndiyo iliyofika, nimeizungushia kanga yangu ya harusi.

Mahali penyewe palikuwa pori kando ya barabara, limepigwa vigingi. Na nani walikuwa wameshafika? Watu wa ng'ambo! Niliziona sura zao kabla lori halijasimama, na furaha niliyoipata sikuwahi kuipata tena. Bibi akanifinya paja. "Nilikwambia nini, mke mwenza?"

Mwalimu alikuja anakimbia. Mtu yule hakukimbia hata mvua ikimnyeshea. Baba akampa mkono, hakuuona. Akapanda gurudumu, akachungulia ndani ya lori, uso kwa uso, mpaka watu wakaisha.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani, mwalimu?" akasema baba.

"Kijana wangu. Aliruka kwenye lori Ijumaa. Alisema hawezi kuwaacha mngoje bila habari. Akakata msitu kuja kwenu."

"Peke yake?"

Baba akatutazama sisi, kama vile mmoja wetu angeweza kusema jingine.

"Kwetu hajafika," akasema.

Wanaume wakaanza kutafuta mapanga na madebe, bila mtu kuwaambia. Mwalimu alikaa chini pale pale, kwenye vumbi, miguu kaikunjua kama mtoto. Bibi aliichukua ile chupa mkononi mwangu. Nadhani hakujua la kufanya, na mgeni akija kwetu alipewa tangawizi. Alikata kamba, akaiziba kwa kiganja mpaka povu likatulia, akamimina kikombe kikajaa. Harufu yake tu ilikuwa kali, kila aliyesimama pale aliijua.

Mwalimu akakipokea kwa mikono miwili. Nikamkazia macho, nikimwomba Mungu aulize. Alikunywa chote, akamrudishia bibi kikombe, wala hakuuliza ya siku gani. Hapo ndipo nilipoanza kulia.