Nilichagua mganga aliyenisifu, dawa akanywa mke wangu

Wakuu, wazee kwa vijana, pokeeni salamu kutoka Lurambi.

Mimi ni mzee, miaka themanini na kitu. Simu hii nilinunuliwa na mjukuu, kwa hivyo mkiona herufi zimekosewa mnisamehe. Habari yenyewe sijaikosea, maana nimekaa nayo karibu miaka sitini na sijawahi kumwambia mtu yote.

Nimeona uzi wa kijana mmoja hapa anauliza atachagua aje therapist wa mambo ya chumbani anayemfaa. Mkamcheka. Mwingine akamwambia akule njugu, eti nguvu zitarudi.

Mimi sikucheka. Chai yangu imepoa hapa mezani nikifikiria nimjibu aje.

Sasa nisikilizeni.

Miaka ile ya kwanza ya Uhuru nilikuwa karani katika ofisi ya serikali hapa Kakamega. Viatu vinang'aa, kalamu mbili mfukoni. Tulikuwa tumekalia viti vya wazungu na tulijionanga sana, wacha niseme ukweli.

Nikaoa msichana wa upande wa Kabras, anaitwa Nekesa. Mrefu, mcheshi, mdomo haulali. Hakuniita kwa jina hata siku moja. Ilikuwa "Karani, maji ya kuoga iko tayari," "Karani, leo umenuna nini?"

Nilimpenda. Mtu asije akaniambia sikumpenda.

Kwetu wakati ule, mkioana, masenge walikuwa wanalala chumba cha nje. Hao ni dada za baba. Asubuhi wanamuuliza bibi arusi kama bwana ni bwana.

Basi siku yangu ilipofika, niliwasikia masenge wawili wakikohoa nyuma ya ukuta wa udongo, wakingoja. Mwili ukakataa. Sitawaeleza zaidi, wanaume mmenielewa.

Asubuhi wakamuuliza Nekesa. Akawajibu, "Mambo iko sawa, senge." Wakapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Alinifichia aibu, wakuu. Halafu akaniambia polepole, "Karani, usijali. Tutazoea."

Hatukuzoea. Kila nikimkaribia ni kama nasikia ile kikohozi. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia, na yeye bado alikuwa vile alivyotoka kwao. Mnaelewa?

Sasa watu wakaanza kuuliza tumbo liko wapi. Na kwa sababu yeye mwenyewe alishasema mambo iko sawa, shida ikawa yake, na mimi nikasemwa nimeoa tasa. Senge mkubwa akija nyumbani alikuwa anamwangalia kiuno hata kabla ya kumsalimia.

Nekesa alikuwa na mjomba wake, daktari msaidizi hospitalini. Mtu mpole sana. Siku moja akaniambia:

"Karani, mimi siumwi, na wewe pia huumwi. Twende kwa mjomba, tukae mbele yake wote wawili, tuseme ukweli. Kama hawezi, atatuonyesha mwenye anaweza."

Mimi? Nikaseme mambo ya kitanda mbele ya mkwe? Kwetu mkwe hata huwezi kukaa kiti kimoja naye. Nikamwambia, "Unataka kunivua nguo mbele ya watu wenu?"

Hiyo heshima ya mkwe ndiyo niliyosingizia. Ukweli ni kwamba niliogopa kuulizwa swali.

Nikachukua baiskeli mpaka upande wa Shianda, kwa mganga aliyesifiwa sana. Nilimchagua kwa sababu yuko mbali na hanijui, na kwa sababu watu walisema haulizangi maneno mengi.

Na kweli hakuuliza. Alinishika mkono, akaniangalia macho, akasema, "Mwanangu, wewe ni dume. Mke ndiye amefungwa."

Nilimpenda yule mzee hapo hapo. Nilirudi nikipiga mluzi njia nzima katikati ya miwa, mpumbavu mimi.

Alinipa unga wa mizizi. Nekesa akoroge kwa uji kila asubuhi.

Nilipomwekea mezani alinitazama. Tulikuwa wawili tu duniani tuliojua ukweli, na mmoja wetu alikuwa anamletea mwenzake dawa ya ugonjwa usio wake.

Akasema, "Nikikunywa, watawacha kukusema?"

Nikasema ndiyo.

Akakunywa.

Alikunywa miezi, wakuu. Kwanza kutapika. Halafu uso ukavimba, miguu ikavimba, viatu havimwingii. Nilirudi Shianda kusema anaumia. Yule mzee akaniambia ni dalili dawa inafanya kazi, akaniongezea. Na mimi nikaibeba!

Mwishowe ndugu zake walikuja wakamtoa kwangu, wakamkimbiza hospitalini kwa mjomba wake yule yule. Alikuwa amechelewa.

Mjomba akaniita pembeni. Akasahau mambo ya ukwe, akaniuliza wazi, "Mkwe, hii dawa ilikuwa ya nini? Shida ilikuwa ya nani?"

Hapo ndipo Mungu alinipa nafasi.

Nikasema, "Ilikuwa yake."

Nekesa alikuwa kitandani, hatua chache tu. Alisikia. Hakunikana. Aligeuza uso kwa ukuta, na siku ya tatu akaenda.

Miaka baadaye, nikiwa nimehamishiwa kazi mbali, nilikutana na daktari aliyenikalisha chini akaniuliza ilianza lini, ilianza wapi, nani alikuwa karibu. Nikamweleza masenge na kikohozi. Hakunipa hata kidonge. Tuliongea tu, mara nne hivi, na mara ya tatu alitaka nije na mwanamke niliyetaka kuoa.

Nina watoto watano. Ilikuwa ni maneno tu, wakuu. Maneno ambayo Nekesa alitaka tukayaseme tangu mwanzo.

Kijana wa ule uzi, jibu lako ni hili. Ukiingia kwa mtu akakusifu kabla hajakuuliza kitu, toka. Akimlaumu mwenzako ambaye hata hajamwona, toka mbio. Anayekufaa ni yule ambaye maswali yake yanakufanya utake kuhepa, na anasema mje wote wawili. Mimi nilichagua aliyefaa kiburi changu.

Kuna kitu kimoja sijasema, na ndicho kimenifanya niandike.

Desturi yetu wakati ule, mwanamke aliyekufa bila mtoto hakutolewa kwa mlango mkubwa. Mwili uliporudishwa kwangu kuzikwa, walitoboa ukuta wa nyuma ya nyumba yangu, wakampitisha hapo. Senge mkubwa ndiye alionyesha mahali pa kutoboa. Nilisimama na suti yangu ya ofisi, nikaangalia udongo ukianguka, sikufungua mdomo.

Hadi leo kwao na kwetu anatajwa kama tasa.

Nekesa hakuwa tasa. Hakuwahi kuguswa. Sasa nimesema.

Mwenye kunitukana anitukane, nitasoma zote. Lakini kama uko kwa njia ya kwenda kwa mganga wako wa Shianda, niandikie hapa kwanza, hata kama ni neno moja.