Inamuuma Wapi

Mwezi wa saba shule zikifungwa, watu wananisalimu kwa furaha barabarani. "Mwalimu, sasa utapumzika," wanasema. Hawajui kwamba likizo kubwa ndiyo kazi kubwa nyumbani kwetu, mtaa wa Rwambuzi. Ile nyumba moja inayopokea watoto kama mwanangu nayo hufungwa, na mwanangu anabaki hana pa kwenda asubuhi, ilhali mwili wake bado unataka kwenda. Anavaa mkoba mgongoni, anasimama mlangoni, anangoja. Namwambia leo hakuna. Anaendelea kungoja.

Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka kumi. Hasemi. Si kwamba hana sauti. Sauti anayo, na akiridhika huvuma kama nyuki walio ndani ya mzinga, hata ukipita nje ya ukuta utamsikia. Anapenda kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, anakizungusha mbele ya macho saa nzima. Hapendi kuguswa kichwani, hapendi honi, hapendi watu wawili waseme pamoja. Daktari mmoja mwanamke aliyepita hapa Bunia alitupa jina la Kifaransa la hali yake, akasema amezaliwa hivyo na si kosa la mtu. Tulitoka pale tumeshika jina. Jina halikutusaidia kumvika suruali asubuhi iliyofuata.

Siku ninayoikumbuka, mke wangu hakuwepo. Alikuwa amekwenda Aru kumuuguza mama yake aliyetoka kupasuliwa. Mimi nilibaki na mtoto huyu, na dada yake mdogo wa miaka minne, ambaye Mungu alimpa maneno ya watu wawili. Anasema tangu anapofumbua macho. Anasema hata akitafuna.

Asubuhi hiyo niliamshwa na kilio. Nakijua kilio cha mwanangu cha njaa, cha hasira, cha honi. Hiki sikukijua. Kilikuwa chembamba, kikitoka kwa vipande, na kati ya kipande na kipande alikuwa akijipiga kichwani kwa kiganja, karibu na sikio. Mpira wake ulikuwa chini. Nilipoona ameuacha chini, nikaogopa.

Nilimshika mkono, akauchomoa. Nikamletea maji, akamwaga. Nikawasha makaa kwenye mbabula, nikapika uji wa dada yake huku yeye akizunguka nyuma yangu, akilia na kujipiga. Dada yake alikuwa akiniuliza kwa nini sukari ni kidogo. Mara wakaingia wanafunzi. Nilikuwa nimesahau. Wakati wa likizo wazazi wengine huniletea watoto wao wanaojiandaa kwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, nawafundisha uani, chini ya mabati ya jiko. Waliketi kwenye mabenchi, wakafungua madaftari, wakamtazama.

Niliandika hesabu ubaoni. Nilipogeuka, hakuna aliyekuwa akitazama ubao. Mwanangu alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, anapiga kisogo kwenye matofali, si kwa nguvu, lakini hakomi. Nikaenda nikaweka kiganja changu kati ya kichwa chake na ukuta. Nikaendelea kufundisha hivyo, nimechuchumaa, mkono wangu ukigongwa, nikieleza sehemu na vigawanyo. Kisha nikaona msichana mmoja analia kimyakimya juu ya daftari lake. Nikawaambia warudi nyumbani.

Nilimpigia mke wangu. Mtandao ulikataa, ukakataa tena, kisha sauti yake ikaja ghafla karibu, kana kwamba yuko jikoni.

"Baba, iko nini? Nasikia mutoto analia."

"Anajipiga kichwa. Toka asubuhi."

"Ni sikio ao ni jino?"

"Sijue."

"Uliangalia mu kinywa?"

"Anakatala. Nikikaribia anapiga."

Nilisikia watu wa kwao wakiongea nyuma yake. "Muwekee simu kwa sikio," akasema.

Niliinyoosha simu kama mtu anayempa mbwa mkali mfupa. Mke wangu akaanza kumwimbia ule wimbo wa kanisani anaomwimbia wakati wa kumwogesha. Mtoto akasimama. Mkono wake ukabaki hewani, haujashuka. Nilisikia wimbo ukitoka mdogo mdogo kwenye simu. Halafu mtandao ukakatika. Alitazama simu, akanitazama, akajipiga kwa nguvu kuliko mwanzo. Nilipiga tena na tena. Ile sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ikanijibu kwa Kifaransa kizuri kwamba mtu ninayemtafuta hapatikani. Nami nikajaribu kuuimba wimbo ule. Sina sauti ya mke wangu. Mtoto akaziba masikio.

Mama jirani akaja, amejifunga kitenge, mikono ina unga. Ni mtu mwema. Mwaka tulipofiwa, ni yeye aliyetupikia. Alisimama mlangoni akamwangalia mtoto kwa muda.

"Mwalimu," akasema, "weye ni mutu wa masomo, lakini hii haiko ya masomo. Tumupeleke mu chumba ya maombi. Kuko mama mumoja pale, akiweka mukono, mutoto ananyamaza."

"Mama, mutoto anaumwa. Wacha niende kwanza kwa muganga wa kituo cha afya."

"Na kama muganga haone kitu?"

Nilikuwa natafuta kiatu cha pili cha dada yake.

Motari wa kwanza, dereva wa pikipiki ya abiria, alitusikia kabla hajafika, akapita. Wa pili alikubali. Nilimweka mwanangu katikati, nikamkumbatia kwa nyuma, na dada yake akakaa mbele juu ya tangi. Kila shimo la barabara lilimtoa mtoto ukelele, na kila ukelele uliwafanya watu wa kando wageuke. Dada yake aliwapungia mkono.

Kituo cha afya, upande wa Lumumba, kilikuwa kimejaa akina mama na watoto wachanga. Tulipoingia, watoto wote walianza kulia. Nilimtoa nje nikatembea naye kwenye uwanja, tukizunguka tangi la maji. Mama mmoja alisema ni malaria imepanda kichwani. Mwingine akasema ni minyoo. Wa tatu akamwambia mwenzake, nami nasikia, kwamba mtoto wa namna hii huwa analipia kitu cha baba yake. Nilisikia, na nilikuwa nimechoka mno hata nisiweze kugeuka.

Tukaitwa. Muganga alikuwa mama wa makamo, mwenye uso wa mtu aliyelala kidogo. Aliuliza kwa upole, "Inamuuma wapi?"

"Hasemi, mama."

"Hata kuonyesha?"

"Hata kuonyesha."

"Ni tumbo," akasema dada yake.

Muganga akainama kwake. "Tumbo?"

"Na mguu. Aliniambia."

"Alikuambia namna gani?"

"Alinitazama."

Muganga alimpima mwanangu joto kwa shida, halikuwa juu. Alimchoma kidole, kipimo cha malaria kikasema hakuna. Akachukua kitochi cha kuangalia sikio. Mtoto alipoona chuma kinakuja kichwani, akapiga teke meza. Wakaitwa watu. Msafishaji akashika miguu, mwanamume mmoja aliyekuja na mke wake mgonjwa akashika kiwiliwili, na mimi nikaambiwa nishike mikono na kichwa.

Nilimshika. Nilitumia uzito wangu wote. Na mwanangu, ambaye macho yake siku zote yanapita pembeni ya uso wangu kama maji yanavyopita pembeni ya jiwe, alinitazama moja kwa moja. Hakulia wakati ule. Alinitazama tu. Kwa miaka kumi nilikuwa nimeomba anitazame hivyo. Nilimwambia, "Ni mimi, papa yako." Sijui kama hilo lilikuwa jibu alilokuwa akilitaka.

Kisha akageuza kichwa kwa nguvu nisizozitarajia, akamng'ata muganga kwenye kifundo cha mkono. Watu wote wakaachia.

Muganga alikaa, akafuta mkono wake. Hakukasirika. "Mwalimu, sitamulazimisha. Naweza kumuumiza sikio, ikakuwa mbaya zaidi. Sikuona kitu. Nakupatia dawa ya maumivu. Kama kesho bado analia, umupeleke hospitali, bamulalishe kwanza, ndipo baangalie."

"Watamlalisha na nini?"

"Dawa ya usingizi, kama iko," akasema.

Dawa ya maji tuliyopewa aliitema kwenye shati langu. Nilijaribu mara ya pili, akaitema kwenye kichwa cha dada yake, naye akacheka, kisha akalia kwa sababu inanata.

Kurudi, alikataa pikipiki. Alipoona imesimama alikaza mwili kama mbao. Basi tukaenda kwa miguu. Jua lilikuwa kali, vumbi limepanda, malori yanapita yamebeba mbao na watu juu ya mbao. Nilimshika mmoja huku na mwingine huku. Tulipofika pale njia inapopanda kuelekea kwetu, mwanangu akasimama, akapiga magoti, akalala. Katikati ya barabara. Aliweka shavu kwenye udongo mwekundu, akafumba macho.

Nilimwinua, akateleza kutoka mikononi mwangu. Si mdogo tena. Urefu wake unafika kifuani kwangu. Pikipiki zikaanza kupiga honi, na kila honi ikamfanya ajikunje zaidi. Mtu mmoja alipaza sauti, "Papa, utoe mutoto wako mu barabara!" Nikajaribu kumburuta, shati lake likapanda, nikaona ngozi ya tumbo lake inakwaruzwa na changarawe. Nikaacha. Nikamsimamisha dada yake ukingoni, nikamwambia asisogee hata kidogo. Halafu nikaketi chini kando ya mwanangu, kati yake na pikipiki, maana sikujua kitu kingine cha kufanya.

Nimefundisha katika mji huu miaka mingi. Wazazi waliopita pale walinijua. Mwingine aliinamisha uso ili nisione kwamba ameniona. Mwanzoni niliona haya. Baadaye haya ikaisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi: nilitamani mtu yeyote, hata yule wa maombi, hata mpita njia, aje aniambie fanya hivi. Ningefanya.

Motari mmoja, mtu mzima mwenye koti zito la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka, alisimamisha pikipiki yake kwa ubavu mbele yetu, akazima mashine. Hakuuliza kitu. Alisimama akiwaonyesha wengine kwa mkono wapite upande ule. Mwenzake mmoja alimtukana, naye akamjibu, "Pita."

Kutoka ukingoni dada yake alikuwa akiwatangazia watu, "Kaka yangu anaumwa! Kaka yangu anaumwa!" Mama mmoja muuza ndizi alimpa ndizi ili anyamaze. Akaila, akaendelea.

Tulikaa pale mpaka kivuli cha pikipiki kikatufunika. Mkono wangu ulikuwa mgongoni kwa mwanangu, na kwa mara ya kwanza siku ile aliuacha ukae. Niliona jinsi anavyopumua. Nilijaribu kufikiri: angekuwa na neno moja tu, hata lisilo sahihi, hata la uongo, ningelishika, ningekimbia nalo kwa waganga wote wa Ituri. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu maneno kila siku.

Kisha akainuka. Hivyo tu. Alikaa, akapangusa udongo shavuni, akasimama, akaanza kutembea kuelekea nyumbani mbele yangu. Halii. Mkono wake haukwenda kichwani. Nilimgeukia yule motari nimshukuru. Alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki, ananiinamishia kichwa kana kwamba mimi ndiye niliyemsaidia.

Nyumbani mwanangu alikunywa maji, akajilaza kwenye mkeka, akalala jua bado halijatua. Nilichukua simu, nikawasha taa yake, nikaangalia ndani ya sikio lake, la huku na la huku. Nilimfunua mdomo taratibu kwa kidole. Niliona meno. Kwangu yalikuwa meno tu, mengine makubwa mengine madogo. Mimi si muganga.

Mtandao ukarudi, mke wangu akapiga.

"Ilikuwa nini?"

"Sijue. Imeacha yenyewe."

"Imeacha ao amechoka kulia?"

Nilimtazama mtoto aliyelala. "Sijue," nikarudia, na nikasikia upande wa pili mke wangu ameweka simu mbali na mdomo wake ili nisimsikie.

Kesho yake aliamka akivuma. Nilikaa naye siku nzima, nikitazama mkono wake badala ya kumtazama yeye. Haukupanda. Kesho kutwa yake pia. Hospitali hatukwenda, ungemwambia daktari nini? Kwamba kulikuwa na maumivu, na yameondoka bila kuaga?

Mke wangu aliporudi kutoka Aru, hakufungua hata mzigo. Alikaa mbele ya mtoto, akamkagua kwa macho kuanzia utosini. Kisha akanigeukia.

"Alikuwa anapiga upande gani?"

Nikainua mkono wangu kumwonyesha. Ukafika karibu na sikio la kulia, ukasita. Nikaupeleka la kushoto. Nilijaribu kuiona tena ile asubuhi, kiganja kikipanda na kushuka, ukuta, wanafunzi. Mke wangu alikuwa akingoja. Mkono wangu ulibaki hapo hewani, mbele ya uso wangu mwenyewe, nami sikukumbuka.