Injini ya Tisini na Sita

Nyumbani kwetu, mimi ndiye mtu wa kuchagua. Akitafutwa mbuzi wa mahari, naitwa. Binti wa dada yangu akitaka kujua aende shule ipi, naitwa. Hata mabati ya choo cha mama, pale Bulengera, nilienda kuyagonga kwa kidole moja baada ya jingine, nimekunja uso kama daktari, nami sijui lolote kuhusu mabati. Kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu namwita yaya, anajua mbuzi, anajua mabati, anajua kila kitu chenye chuma ndani yake. Yeye haitwi. Akija kwenye kikao anakaa karibu na mlango, na akifungua kinywa mama anamzuia kwa upole: "Weye acha, mutoto yangu. Weye hujuake kuchagua."

Aliyemfanya yaya aonekane hajui kuchagua ni mimi, na nimekaa na jambo hilo miaka mingi kuliko umri wa walimu ninaofundisha nao leo.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Kongo. Beni na Butembo zilikuwa mikononi mwa waasi, na waasi wenyewe walikuwa wanagawanyika kila msimu, hata ukiamka hujui bendera ya leo ni ya nani. Lakini watu hula hata wakati wa vita, na mama aliuza samaki wa chumvi sokoni. Samaki walitoka Ziwa Edouard, alikokuwa akifanya kazi yaya katika boti ya mtu mwingine. Mwaka huo alikuwa amemaliza kuunda boti yetu wenyewe, ya mbao, ubao kwa ubao, kwa mikono yake. Ilikosa injini tu. Mama akatoa akiba yake yote, akatuita wawili.

"Mwende Beni pamoja," alisema. "Yaya yako ataangalia, weye mwalimu utasoma."

Tulipanda lori la mihogo hadi Beni. Mimi nilivaa tai. Sijui nani huvaa tai kwenda kununua injini ya boti juu ya magunia ya mihogo, lakini nilikuwa na miaka miwili tu ya ualimu na niliogopa kwamba watu hawatajua kuwa mimi ni mwalimu.

Muuzaji alikuwa mzee Mwislamu, msafirishaji wa siku nyingi, mwenye ua mpana katika mtaa wa Beu. Injini zilikuwa mbili, zimefungwa juu ya gogo, bega kwa bega. Kampuni moja, nguvu moja, bei karibu moja. Tofauti ilikuwa mwaka. Ya kwanza ilikuwa ya themanini na nane: rangi imebabuka, kifuniko kimeshonwa kwa waya. Ya pili ilikuwa ya tisini na sita, inang'aa kama sufuria ya harusi, na ubavuni ilikuwa na kibati chenye mwaka wake.

Yaya hakuangalia rangi. Alipiga magoti, akafungua kifuniko cha ile ya zamani, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Akavuta kamba ya kuwashia. Ilikataa mara mbili, ya tatu ikakohoa, ikawaka. Akatabasamu.

"Mudogo yangu, miye nataka hii," alisema. "Kule ku ziwa kila fundi anaijua. Ikiharibika asubuyi, saa sita nashaitengeneza miye mwenyewe."

Mzee akaitikia. Angeweza kunyamaza, kwa kuwa hata hivyo angeuza, lakini alikuwa mtu wa haki. "Kaka yako iko na akili," aliniambia. "Ile mupya ni muzuri, sikatae. Mais lakini siku hizi, kitu mupya iko na macho mingi juu yake. Sura mubaya nayo ni kinga."

Hapo ndipo ningesema "sawa". Neno moja, tungekuwa tumemaliza. Lakini nilikuwa nimekwisha kuvuta kamba ya ile ya tisini na sita, ikawaka mara moja, bila kikohozi, na kitu kikawaka hata kifuani mwangu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Niliinama, nikasoma kibati kwa sauti, namba zote, hata zile nisizojua maana yake. Kibati kiliandikwa Kiingereza. Nilichoelewa ni mwaka peke yake.

"Yaya, hatuwezi kununua kitu ya marehemu," nilisema. "Faut évoluer, lazima twende mbele. Miaka munane ya tofauti! Wazungu hawakulala miaka munane."

Yaya alinitazama. Alikuwa ameacha shule darasa la nne ili mimi niendelee. Jambo hilo halikuwahi kutajwa kwetu, na halikuhitaji kutajwa. Alipangusa mkono wake wenye mafuta kwenye suruali.

"Weye njo umesoma," alisema, yaani mimi ndiye niliyesoma.

Lazima niseme pia kile kilichokuwa moyoni mwangu, maana nisipokisema hapa sitakisema popote. Sikuwa nawaza samaki. Nilikuwa nawaza chumba cha walimu, nikiingia Jumatatu, nikisema kwa kawaida tu, huku natafuta chaki: yetu ni ya tisini na sita.

Ndege za askari zilikuwa zinashuka uwanja wa Mavivi tulipokuwa tunaifunga injini katika mablanketi. Yaya akaondoka nayo moja kwa moja kwenda ziwani, mimi nikarudi Butembo na habari. Mama hakuuliza ni nani aliyechagua. Alisema Mungu asifiwe, akarudi kwenye samaki wake.

Kwa nini hakuuliza, nieleze. Marehemu baba aliacha sheria moja nyumbani. Kitu kikifanikiwa ni cha wote, hakuna kuuliza nani alikichagua. Kikiharibika, aliyekichagua husimama mbele ya jamaa, anaweka mkono juu ya kile kilichobaki, anasema: ni miye. Hapigwi, halipi. Anasema tu, na wote wanasikia. Baba alidai mtu anayejua kwamba siku moja ataweka mkono huchagua kwa macho mawili.

Miezi michache mambo yalikwenda vizuri. Siku moja tulishuka ziwani sisi sote, mama, dada zangu na watoto, kuitolea boti shukrani. Mchungaji wa kule aliomba, kisha yaya akatupandisha. Mama alikuwa ameuza samaki wa ziwa lile maisha yake yote na hakuwahi kukanyaga ndani ya boti. Yaya alizungusha injini, pua ya boti ikainuka, tukaruka juu ya maji. Akapiga mizunguko miwili, mitatu, ya furaha tu, bila kazi yoyote. Mama alishika kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili akicheka hadi machozi. Sijawahi kumwona akicheka vile, wala kabla wala baadaye.

Tulipofika pwani watu walikuwa wamekusanyika. Mmoja akauliza ni injini gani hiyo. Ningemwachia yaya ajibu. Lakini niliruka chini, viatu majini, nikaweka mguu juu ya ukingo wa boti.

"Ya tisini na sita!" nilisema. "Kibati ni hiki, aje asome anayetaka."

Miongoni mwa waliokuja kusoma walikuwamo wawili wenye bunduki.

Baada ya majuma mawili walirudi, wakaichukua boti na injini yake. Walimchukua na yaya, awe dereva wao. Boti nyingine zilikuwa pale pale pwani, zenye injini za zamani zilizobabuka, zilizofungwa waya, hawakuzigusa. Yaya aliniambia baadaye kwamba mkubwa wao alipapasa kibati kwa kidole, akausoma mwaka kwa sauti, akatabasamu. Najua tabasamu hilo, maana lilikuwa langu.

Alikaa nao majuma sita. Mama hakula chumvi majuma sita, na alikuwa mwuza samaki wa chumvi. Siku moja kamba ya kuwashia ilikatikia mkononi mwa yaya katikati ya safari, wakadai ameikata makusudi. Wakampiga upande wa kichwa kwa kitako cha bunduki, wakamtupa pwani ngeni, wakaendelea na kamba nyingine. Alirudi kwa miguu. Sikio la kushoto halikusikia tena. Mkononi alikuwa bado ameshika ile kamba iliyokatika, ndiyo iliyobaki ya injini yetu.

Mama alimpa siku tatu za kulala. Jumapili, baada ya ibada, aliita jamaa. Wajomba walikuja, shangazi walikuja. Kamba iliwekwa juu ya meza ndogo. Wachuuzi wenzake walikuwa wamekwisha kumweleza mama yote: zimechukuliwa mpya, za zamani zimebaki.

"Nashukuru Mungu mutoto yangu amerudi," mama alisema. "Sasa sheria ya baba yenu. Nani alichagua ya mupya?"

Nilikuwa nimekaa katikati, na tai yangu. Miguu yangu nilikuwa nayo. Naijua, nilikuwa naiangalia. Niliiambia isimame. Nilifikiri, acha mjomba huyu amalize kukohoa. Akamaliza. Nikafikiri, acha mtoto yule aache kulia.

Yaya akasimama. Akatembea mpaka mezani, akaweka kiganja juu ya kamba.

"Ni miye," alisema.

Mama alitikisa kichwa polepole. Hakumkemea. Mjomba mmoja alisema kwa kunong'ona kwamba asiyesoma huchagua kwa macho tu, na watu wakaitikia. Mimi pia niliitikia. Ndiyo. Kichwa changu kiliinama pamoja na vyao, na hiyo ndiyo sehemu inayonifanya niamke nikiona aibu hata leo, kuliko kibati, kuliko maneno ya pwani.

Nilimfuata nje, karibu na zizi. "Yaya, kwa nini?"

Aligeuza sikio lake zima. "Batoto wa masomo watakusikiliza namna gani, kama batu banasema mwalimu amepoteza mali ya mama yake? Miye niko mutu wa samaki. Samaki haiulizake." Akacheka kidogo. "Utasema weye mwenyewe siku ingine. Haraka ya nini?"

Siku nyingine. Nilimwoza binti yangu, nikawa mkuu wa shule, nikaota mvi. Kila mara kilipoitwa kikao niliingia nikijiambia leo, na kila mara palikuwa na mjomba anayekohoa. Wakati huohuo neno lile la "ni miye" liliendelea kumla yaya. Alipotaka kiwanja karibu na barabara, mama alimnyima na kumpa kile nilichochagua mimi, chenye maji ya mvua mlangoni. Alipotaka kumtafutia mwanawe mchumba, shangazi walimwambia aniulize kwanza. Akaja kuniuliza. Alikaa kwenye kiti changu, mtu aliyenisomesha, akaniuliza kama yule msichana anafaa.

Mwaka jana mama aliamua kumnunulia mjukuu wake pikipiki ya kubebea abiria. Zilipatikana mbili, moja ya mwaka uleule, nyingine ya miaka mitano nyuma. Jamaa wakaitwa tena Bulengera. Mama sasa ni mzee sana, sauti yake inatoka kama kupitia tundu, lakini kikao bado ni chake. Yaya alikaa karibu na mlango. Ile kamba imetundikwa kwenye msumari ukutani tangu siku ile. Mama hakukubali itupwe.

Nilisimama kabla mtu yeyote hajakohoa. Nilikwenda ukutani, nikaweka mkono juu ya kamba. Ilikuwa imekauka, ngumu.

"Mama," nilisema, "ile injini ni miye nilichagua. Yaya alitaka ya zamani. Hata muzee wa Beu alitaka ya zamani. Miye njo nilikataa, na miye njo nilipiga kelele ku pwani mpaka ba askari wakasikia."

Mama alinitazama, macho yake yakajaa maji, nikajua sasa atanikemea, na anikemee.

"Mumuone huyu mutoto," alisema. "Mumuone! Miaka yote hii, na bado anataka kubeba muzigo ya ndugu yake." Akageukia mlangoni. "Umesikia, weye? Umesikia namna mudogo yako anakupenda?"

Shangazi wakapiga vigelegele. Mjomba akasema ndiyo faida ya elimu.

"Mama, hapana, ni kweli," nilisema. "Yaya, sema weye."

Yaya alikuwa amegeuza sikio lake zima kutuelekea, kwa hiyo alisikia. Alinitazama bila hasira. Nafikiri alikuwa amechoka, au aliona mama amefurahi na hakutaka kuiondoa furaha ile.

"Kaa chini, mudogo yangu," alisema. "Mama ameshasema."

Nikakaa. Ningeweza kubaki nimesimama.

"Donc, mwalimu," mama alisema akijipangusa macho, "tunachukua ya mwaka gani?"

Nikasema tuchukue ya zamani, kila fundi anaijua. Wote wakaitikia, wakasema mwalimu hakosei. Wakapiga makofi, na yaya, pale mlangoni, akapiga pamoja nao.