Kikombe cha Baba kwa Mama Habiba

Enzi zetu, safari ya kutoka Merti hadi Isiolo haikuhesabiwa kwa saa. Ulipanda juu ya lori la mbuzi, ukakalia vyuma, ukashika kamba, na kufika kulikuwa majaliwa. Ndivyo tulivyoingia Isiolo sisi watatu, Baba, Mama na mimi wa miaka sita, vumbi limetugeuza rangi moja na mbuzi. Tulishuka alfajiri, miguu imekufa ganzi. Kabla hata ya kutafuta pa kulala, Baba alitupeleka kunywa chai.

Hoteli ilikuwa ya mabati, ya mama mmoja Mborana aliyeitwa Mama Habiba. Nasema hoteli, na vijana wa leo wataniuliza ilikuwa na vyumba vingapi. Kilikuwa kimoja, na nusu yake ni jiko. Chai aliipika kwa maziwa ya ngamia yaliyoletwa asubuhi katika vibuyu vilivyofukizwa moshi, na moshi ule ulibaki kwenye chai hadi tone la mwisho. Pembeni aliweka anjera za moto, laini kama chapati za maji, zilizopakwa samli na sukari. Mimi ni mtu nisiyetulia, nimekunywa chai katika miji mingi, na ile sijaipata tena.

Ukutani kulikuwa na safu ya misumari. Mteja wa kila siku alileta kikombe chake, akapewa msumari wake. Akisafiri, kikombe kilimngoja, na hata hoteli ijae namna gani, hakuna mwingine aliyekinywea. Kilishushwa tu mwenyewe akifariki, kikapewa watu wake. Baba alikuwa akinunua mbuzi huko Sericho na kuwaleta sokoni Isiolo, kwa hiyo kikombe chake kilizoea kungoja. Kilikuwa cha bati, cheupe, ukingo wa buluu.

Kila saa kumi jioni tulivuka barabara kwa Mama Kendi, Mmeru, aliyechemsha nduma na kukaanga mandazi yaliyojaa mkono. Akina mama hawa wawili hawakuacha kuchokozana. Mama Habiba alisema chai ya mwenzake ni maji ya kusuuzia sufuria. Mama Kendi alijibu kwamba afadhali hiyo kuliko chai inayonuka kama nyumba iliyoungua. Lakini Ramadhani ilipoingia, Mama Habiba alifunga mchana, akapanga vikombe vya wateja wake Wakristo, cha Baba kikiwemo, kwenye katoni, akampelekea Mama Kendi avitunze na kuwanywesha. Idd ilipofika vikombe vilirudi, na sahani ya pilau ikavuka barabara.

Nilipokuwa darasa la nne, mwaka wa ukame, Baba alipanda lori la Sericho na hakurudi. Wenye lori walisema alishuka njiani kufuata mbuzi kwa miguu. Mama hakulia. Kila nilipotoka shuleni aliniuliza jambo moja.

"Kikombe kipo?"

"Kipo."

Akaendelea na kazi.

Ramadhani ikaja, ikapita. Siku ya pili ya Idd nilichungulia kwa Mama Habiba. Vikombe vingine vyote vilikuwa vimerudi ukutani. Msumari wa Baba ulikuwa mtupu. Sikumuuliza mtu. Nilikimbia nyumbani nikasema, "Mama, kimeshushwa."

Mama aliketi chini. Alivua shanga zake shingoni, moja baada ya nyingine, kama afanyavyo mjane kwetu Waturkana, kisha akapiga kilio kilicholeta mtaa mzima. Baadaye Mama Habiba alifika mbio, mtandio umemwangukia begani, na Mama Kendi nyuma yake akikumbatia kitu.

"Nyinyi watu, mnalia nani?" Mama Habiba aliuliza.

"Mume wangu. Si umeshusha kikombe?"

"Wallahi mimi sijashusha kitu! Mama Kendi, sema!"

"Ni mimi, jamani," Mama Kendi alisema, na kukitoa kifuani. "Mkono yake ilikuwa imelegea. Nikapelekea fundi achomelee. Sikutaka mwenyewe arudi akute imeharibika."

Kilio kilinyamaza. Mtu mmoja akacheka, wengine wakamfuata. Mama hakucheka. Kikombe kilirudi msumarini, lakini shanga hazikurudi shingoni, wala hakuniuliza tena kama kipo.

Siku hizi naingia mikahawa yenye vioo na kuona vijana wakipiga chai picha mpaka inapoa. Wanauliza namba za siri za Wi-Fi kabla ya kusalimu. Siwalaumu sana, hata mimi simu ninayo. Ila chai yenyewe inaletwa kwa kikombe cha karatasi, jina lako limeandikwa kwa kalamu, na ukimaliza kinaingia kwenye pipa pamoja na jina. Ukipotea mwaka mzima, hakuna msumari utakaokutaja.

Siku niliyoondoka Isiolo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Basi la Nairobi lilikuwa likipakia mizigo. Nilipita kwa Mama Habiba kumuaga, naye akashusha kikombe cha Baba, akakipangusa vumbi, akamimina chai.

"Kunywa, Ekai."

"Hiki ni cha Baba."

"Baba yako hawezi kunywa tena. Mama yako alijua siku ile. Ni mimi nilikataa kuamini."

Nilikunywa. Moshi ulikuwa uleule. Nilipomaliza nilimnyooshea kikombe, nikidhani atakifunga kwenye gazeti nimkimbizie Mama kabla basi halijaondoka. Alikiosha, akakifuta kwa pindo la mtandio, akakitundika palepale.

"Sasa iko yako," alisema. "Usinifanyie kama yeye."

Nilimwambia nitarudi kabla ya Ramadhani. Kondakta aliita, nikapanda.